Jicho linapouma na kukataa kuzunguka: Fahamu ugonjwa wa Tolosa-Hunt

MAUMIVU huanza nyuma ya jicho moja. Mgonjwa huyaeleza kama kitu kinachotoboa kutoka ndani kuelekea kwenye paji la uso, hayakatiki usiku wala mchana, na dawa za kawaida za kutuliza maumivu huyapunguza kidogo tu au hazifui dafu kabisa. Akijitazama kwenye kioo, mara nyingi haoni uchafu wala wekundu wa kutosha kueleza mateso hayo.

Siku chache baadaye, pengine wiki moja au mbili, jambo la pili hutokea. Akitazama mbele huona watu wawili mahali aliposimama mmoja. Kope la upande unaouma hulegea na kulifunika jicho. Akiambiwa atazame pembeni, jicho zima huenda na lile linalouma hubaki pale pale.

Hali hiyo ya maumivu yanayofuatana na kulegea kwa misuli inayozungusha jicho huweza kusababishwa na maradhi mengi. Mojawapo, tena lililo adimu kuliko mengi, ni ugonjwa wa Tolosa-Hunt. Kwa wakazi wa wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, kama ilivyo kwa wananchi wengi walio mbali na hospitali kubwa, ugumu wake hauko katika tiba. Tiba yake ni vidonge vya bei nafuu vinavyojulikana miaka mingi. Ugumu uko katika kuwa na hakika kwamba ndio wenyewe, kwa kuwa vidonge hivyo hivyo huweza kumdhuru mtu mwenye ugonjwa mwingine unaofanana nao.

Kiini chake ni nini?

Jicho la binadamu huzungushwa na misuli sita, na kope hunyanyuliwa na msuli wake wa pekee. Misuli hiyo hupokea amri kutoka kwenye ubongo kupitia neva tatu ambazo wataalamu huzitaja kwa namba: ya tatu, ya nne na ya sita. Neva ya tatu ndiyo yenye kazi kubwa zaidi, kwani husimamia misuli minne kati ya sita, hunyanyua kope na kuikaza mboni mwanga unapokuwa mkali. Ya nne husimamia msuli mmoja unaolisaidia jicho kutazama chini, na ya sita msuli mmoja unaolivuta kwenda nje, upande wa sikio.

Kabla ya kuingia kwenye tundu la jicho, neva zote tatu hupita mahali pembamba sana, ndani ya fuvu, pembeni mwa tezi ya pituitari. Hapo pana mfuko wa damu unaokusanya damu kutoka kwenye jicho na sehemu za ubongo. Katikati ya mfuko huo hupita mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo, na ukutani mwake hupita pia neva inayoleta hisia kutoka kwenye paji la uso. Ni kama njia panda ambapo kila gari hulazimika kupita, na kikitokea kizuizi kidogo tu, msongamano huwapata wote.

Katika ugonjwa wa Tolosa-Hunt, kizuizi hicho ni uvimbe unaotokana na chembe za kinga za mwili wenyewe. Chembe hizo hujikusanya na kufanya vinundu vidogo kwenye ukuta wa mfuko huo wa damu au kwenye upenyo unaoingia katika tundu la jicho. Si saratani, na hakuna kijidudu kinachopatikana ndani yake. Neva zikibanwa, misuli hukosa amri na kulegea ingawa yenyewe ni mizima. Neva ya hisia ikiguswa, mgonjwa huhisi ganzi au kuchomwa kwenye paji la uso. Mara chache uvimbe huifikia neva ya kuonea, na hapo uwezo wa kuona hupungua.

Kinachoziamsha chembe hizo hakijajulikana hadi leo. Ugonjwa huwapata wanaume na wanawake, na huweza kumpata mtu wa umri wowote. Kwa kawaida hushika upande mmoja tu. Hauambukizwi kwa kugusana, kwa hewa wala kwa damu. Jambo hilo lafaa kusemwa wazi katika mkoa ambao ulipata milipuko miwili ya virusi vya Marburg, mwaka 2023 katika Wilaya ya Bukoba na mwaka 2025 katika Biharamulo yenyewe. Tolosa-Hunt hauhusiani kwa namna yoyote na maradhi hayo, na mgonjwa wake hana sababu ya kutengwa.

Madaktari wawili, miaka saba

Jina la ugonjwa huu limetokana na wapasuaji wawili wa ubongo ambao kila mmoja alikutana nao kwa wakati wake.

Eduardo Tolosa alikuwa daktari wa Barcelona, Hispania. Mwaka 1954 alichapisha taarifa ya mwanamume aliyekuwa na maumivu nyuma ya jicho la kushoto, jicho ambalo baadaye lilishindwa kuzunguka na kupungukiwa uwezo wa kuona. Picha za mishipa ya damu zilionyesha kwamba mshipa mkubwa wa upande huo ulikuwa umebanwa. Ilidhaniwa kwamba mshipa umetuna na unaweza kupasuka, hivyo mgonjwa akafanyiwa upasuaji. Mtuno uliotafutwa haukuonekana. Mgonjwa alifariki dunia siku chache baada ya upasuaji, na uchunguzi wa mwili wake ndio uliofichua ukweli: mshipa ulikuwa umezungukwa na vinundu vya uvimbe ambavyo havikuwa saratani.

Miaka saba baadaye, mwaka 1961, William Hunt wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha taarifa za wagonjwa sita wenye dalili kama hizo. Walieleza kwamba maumivu huweza kutangulia kulegea kwa jicho, kwamba hali huweza kupona yenyewe na kurudi baada ya miezi au miaka, na kwamba dawa za jamii ya steroidi huleta nafuu ya haraka. Yaani kile ambacho mgonjwa wa Barcelona alipasuliwa kwa ajili yake kingeweza kutibiwa kwa vidonge. Hunt huyo ndiye ambaye, pamoja na mwenzake Hess, aliweka mwaka 1968 kipimo cha kupima uzito wa hali ya mgonjwa aliyepasukiwa na mshipa wa ubongo. Inaelekea aliijua vizuri hatari ya kuchanganya maradhi hayo mawili.

Mwaka 1966 madaktari Smith na Taxdal waliyaunganisha majina ya wawili hao, na tangu hapo ugonjwa ukaitwa Tolosa-Hunt.

Mmoja katika milioni

Makadirio yanayotajwa mara nyingi katika vitabu vya tiba ni kwamba ugonjwa huu humpata mtu mmoja hivi katika kila watu milioni moja kwa mwaka. Makadirio hayo hayakufanywa kwa kupima wakazi wa Kagera, lakini yanatoa picha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,989,299 katika mkoa huo. Kwa kiwango hicho, mkoa mzima ungekuwa na wagonjwa wapya watatu hivi kwa mwaka. Ngara na Biharamulo, ambazo kwa sensa ya mwaka 2012 zilikuwa na watu zaidi ya 320,000 kila moja, zinaweza kumaliza mwaka bila mgonjwa hata mmoja.

Maana yake ni kwamba mganga wa zahanati katika wilaya hizo anaweza kustaafu bila kumwona mgonjwa wa Tolosa-Hunt. Hata hivyo atawaona wengi wenye dalili zinazofanana nazo, na hao ndio wanaomhusu zaidi.

Wa kwanza ni mwenye kisukari. Sukari inapoharibu vijishipa vidogo vinavyolisha neva ya tatu, jicho huuma, kope huanguka na jicho hugeukia nje. Mara nyingi mboni hubaki ya kawaida, na hali hurejea yenyewe baada ya miezi michache sukari ikidhibitiwa. Kwa watu wazima hii ni sababu inayoonekana mara nyingi zaidi kuliko Tolosa-Hunt, na wapo wanaogundua kwa mara ya kwanza kwamba wana kisukari kwa sababu ya kope lililoanguka.

Wa pili ni mwenye kifua kikuu. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Bakteria wa kifua kikuu huweza kufika kwenye utando wa chini ya ubongo, kufanya vinundu na kuzibana neva zile zile. Kaswende ya muda mrefu huweza kufanya hivyo pia. Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka, fangasi wa ubongo na saratani ya limfoma huongezeka katika orodha.

Wa tatu ni mwenye maambukizi ya bakteria yaliyoanzia kwenye jipu la pua, kwenye jino bovu au kwenye matundu ya hewa ya uso. Huyu huwa na homa kali, jicho hutokeza nje na kuwa jekundu, na huonekana mgonjwa mwili mzima. Damu iliyoganda ndani ya mfuko ule nyuma ya jicho huweza kumuua katika siku chache.

Wa nne ni yule ambaye Tolosa alidhani anaye mbele yake: mwenye mshipa uliotuna. Kope lake huanguka, na mboni huwa kubwa na haisinyai kwa mwanga. Mshipa huo ukipasuka, damu humwagika kwenye ubongo. Mgonjwa wa namna hii hastahili kusubiri gari la kesho asubuhi.

Zipo pia saratani zinazosambaa kutoka koo la nyuma ya pua, uvimbe wa tezi ya pituitari, na ugonjwa wa sarkoidosisi. Upo vilevile ugonjwa wa miasthenia, ambao hulegeza kope na misuli ya jicho lakini hauumi. Kutokuwepo kwa maumivu ndiko kunakoutenganisha na haya mengine.

Tolosa-Hunt ni jina linalotolewa mwisho, baada ya hayo yote kutafutwa na kukosekana.

Mtego wa vidonge

Kwa miaka mingi, njia moja ya kuutambua ugonjwa huu ilikuwa kumpa mgonjwa steroidi, kwa kawaida prednisoloni, na kutazama kitakachotokea. Maumivu yakitoweka haraka, jibu limepatikana. Vigezo vya kimataifa vya magonjwa ya maumivu ya kichwa vilivyotolewa mwaka 2004 vilitaja saa 72 kuwa muda wa kupata nafuu.

Tatizo ni kwamba steroidi haichagui. Limfoma husinyaa kwa muda inapopewa steroidi. Vinundu vya kifua kikuu hupungua uvimbe, mgonjwa akapata ahueni, kisha bakteria wakaendelea kuzaliana kwa nafasi zaidi kwa kuwa kinga imeshushwa. Fangasi hustawi. Mgonjwa aliyefurahi Jumatatu kwamba dawa imemponya huweza kurudi baada ya wiki kadhaa akiwa na homa ya uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo, toleo la vigezo hivyo la mwaka 2018 halikuweka tena ile nafuu ya saa 72 kuwa sharti. Badala yake linataka uvimbe uonekane kwa kipimo cha MRI au uthibitishwe kwa kukata kipande kidogo cha nyama na kukichunguza maabara.

Hapo ndipo hatari ya duka la dawa inapojitokeza. Prednisoloni ni dawa ya kuandikiwa na daktari, lakini sifa yake ya kuondoa maumivu na mizio kwa haraka imeifanya ijulikane sana mitaani, na mtu aliyeteseka kwa jicho siku kumi hawezi kulaumiwa kwa kutaka nafuu. Anayeimeza bila kipimo hujificha mwenyewe dalili ambazo daktari angezihitaji. Zaidi ya hayo, katika maeneo ya mashambani ambako watu hutembea peku, wapo wenye minyoo aina ya strongiloidi wasiojijua. Steroidi huweza kuwafanya minyoo hao kuenea mwilini kote na kusababisha kifo.

Kuna hatari nyingine ya kawaida zaidi. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na maumivu ya kichwa hupewa dawa ya malaria kwanza. Si kosa kupima malaria. Kosa ni kuendelea kuitibu kwa wiki ya pili wakati kope limeshaanguka, kwani malaria ya kawaida hailegezi jicho moja. Dawa za kienyeji zinazodondoshwa jichoni nazo hazifiki kwenye ugonjwa ulio nyuma ya tundu la jicho. Huweza tu kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho, na mgonjwa akawa na maradhi mawili.

Kinachowezekana kabla ya rufaa

Mengi hayahitaji mashine. Mganga wa zahanati au kituo cha afya anaweza kumwambia mgonjwa afuate kidole kwa macho, juu, chini, kushoto na kulia, na kuandika ni upande gani jicho linagoma. Anaweza kumulika tochi na kulinganisha mboni mbili. Anaweza kugusa paji la uso kwa pamba kujua kama pana ganzi, kumfunika mgonjwa jicho moja ili apime uwezo wa kuona wa jingine, kupima joto, shinikizo la damu, sukari, virusi vya UKIMWI na kaswende, na kuuliza kuhusu kikohozi, kupungua uzito na jasho la usiku. Karatasi ya rufaa yenye majibu hayo humwokolea mgonjwa siku nyingi kuliko ile iliyoandikwa maneno matatu tu, ‘tatizo la jicho’.

Maneno hayo matatu, kwa kweli, humpeleka mgonjwa kwenye foleni isiyo yake. Ataandikiwa miwani au dawa ya matone, kwa kuwa jicho lenyewe ni zima. Anayehitajika ni daktari wa magonjwa ya ndani au wa neva akishirikiana na daktari wa macho.

Kwa Ngara, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi, hospitali kama Murgwanza iliyo karibu na mji wa Ngara, au Rulenge, ndizo mlango wa kwanza. Biharamulo ina hospitali yake mjini. Kutoka hapo njia hugawanyika: Bukoba kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Chato kwenye hospitali ya kanda iliyo mkoani Geita katika eneo lililowahi kuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, au Mwanza kwenye Hospitali ya Rufaa ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971. Kutoka Ngara mjini hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 300. Safari hiyo ilipungua ugumu Juni 19, 2025 lilipozinduliwa daraja la Kigongo-Busisi lenye urefu wa kilomita 3. Kabla yake, mgonjwa aliyetokea upande wa Geita alilazimika kusubiri kivuko.

Picha ya CT-scan husaidia kuona damu iliyovuja, uvimbe mkubwa au mifupa iliyoliwa, lakini huweza kuonekana safi kabisa kwa mgonjwa wa Tolosa-Hunt, kwani mfuko ule ni mdogo na umejificha. MRI yenye dawa ya kung'arisha picha ndiyo inayoonyesha ukuta ulionenepa. Kwa kuwa mashine hizo huweza kuwa kwenye matengenezo, ni busara daktari anayetoa rufaa apige simu kwanza kabla mgonjwa hajauza mbuzi au kahawa kwa ajili ya nauli. Kipimo cha maji ya uti wa mgongo hufanywa pia, hasa kutafuta kifua kikuu, fangasi na saratani.

Mgonjwa anayeona vitu viwili viwili asiendeshe bodaboda wala gari hadi apone. Katika barabara ya Rusumo hadi Lusahunga, yenye malori ya mizigo yanayokwenda na kutoka Rwanda, onyo hilo si la kupuuzwa. Kulifunika jicho moja kwa kitambaa huondoa picha ya pili na kumwezesha kutembea bila kizunguzungu.

Baada ya jina kupatikana

Ikithibitika kuwa ni Tolosa-Hunt, mgonjwa huanzishiwa steroidi kwa kiwango kikubwa kwa siku kadhaa, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Maumivu huondoka mapema, mara nyingi ndani ya siku tatu. Jicho huchelewa. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kurudia mzunguko wake, na kwa wachache hubaki na udhaifu kidogo. Wagonjwa wengi hukatishwa tamaa na kipindi hiki, wakadhani dawa imeshindwa, wakaiacha ghafla. Kuacha ghafla ni hatari, kwa sababu mwili uliozoea steroidi ya nje huwa umepunguza kutengeneza ya kwake, na mtu huweza kuishiwa nguvu na kuzimia.

Muda wote wa tiba, sukari na shinikizo la damu hupimwa mara kwa mara. Mwenye vidonda vya tumbo hupewa kinga, na mwenye historia ya kifua kikuu hufuatiliwa kwa karibu. MRI hurudiwa baada ya miezi michache. Uvimbe usiopungua, au unaokua baada ya dawa kupunguzwa, humlazimu daktari kurudi mwanzo na kutafuta limfoma au ugonjwa mwingine, pengine kwa kukata kipande cha nyama katika hospitali yenye wapasuaji wa ubongo kama Taasisi ya MOI jijini Dar es Salaam. Kwa wale ambao ugonjwa hauwaachi, hutumika dawa nyingine za kupunguza nguvu ya kinga kama azathioprini na methotreksati.

Karibu nusu ya wagonjwa hupatwa tena, wengine baada ya miezi, wengine baada ya miaka, upande ule ule au mara chache upande wa pili. Anayerudiwa na maumivu hupimwa upya. Kwake, picha za kwanza na karatasi ya kutoka hospitalini zina thamani kubwa, kwa kuwa daktari wa zamu atakayempokea huenda hajawahi kuliona jina hilo isipokuwa kitabuni.